Twaibu na Kanda Mbili za Mama Osea

Twaibu Maganga aligombana na majogoo kwa miaka yote aliyokaa Tunduma. Watu wengine wana maadui wa maana, washindani wa biashara au mashemeji wakorofi, lakini adui wa Twaibu alikuwa jogoo. Jogoo akiwika nyuma ya duka lake wakati taa nyekundu ya deki ya kurekodia kanda inawaka, alivua hedifoni taratibu, akaziweka mezani, akatoka nje na kandambili moja mkononi. Mteja alibaki ndani mbele ya maiki, hajui aendelee na salamu zake au angoje. Jogoo mwenyewe alikuwa wa Fatu muuza maandazi, na Fatu naye si mtu wa kuonewa. Niliwahi kukaa kwenye benchi lile saa nzima nikisikiliza kesi ya jogoo, mpaka gari la Mlowo likaniacha.

Leo pale dukani wanauza vocha na makava ya simu. Anayeuza ameweka spika mlangoni, muziki wenyewe umepasuka, besi tupu mpaka kifua kinatetemeka. Kila nikienda kununua vitenge upande wa Zambia napita pale na kutamani kumwambia apunguze, ila najua ataniona mwanamke wa kizamani. Basi napita. Twaibu alirudi kwao Urambo mwaka 2009, na tangu hapo sijaona mtu pale mpakani anayejali kama sauti imekaa vizuri au imekaa vibaya. Nikimkumbuka moyo unalainika, ingawa kuna kipindi nilimchukia kweli kweli, na nilikuwa na haki.

Alifika Tunduma mwaka 1987 akiwa utingo wa lori. Giaboksi ikafa, kipuri kikawa kinangojwa kutoka Ndola, na katika wiki tano za kungoja Twaibu akazoeana na mzee mmoja Mzambia aliyetengeneza redio karibu na geti. Lori lilipopona liliondoka bila utingo. Miaka mitatu baadaye alikuwa na chumba chake mwenyewe chenye maandishi ya rangi ya bluu mlangoni, SAUTI SAFI. Ndani, kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, na dirisha lilizibwa kwa godoro ili kelele za malori zisiingie. Kulikuwa na joto humo ambalo sijawahi kulikuta kwingine. Kwaya za Mbozi zilirekodi pale, watoto wa madrasa walirekodi kaswida pale, na wote walitoka wamelowa jasho na wamefurahi.

Vifaa vyake alivipenda kama mwanamke anavyopenda sufuria zake mpya. Alikuwa na miksa ya njia sita, maana yake maiki sita zinaweza kuingia kwa pamoja na kila moja ikapimwa peke yake. Alikuwa na deki mbili, moja ya kurekodia na moja ya kunakilia, na kisanduku cha mwangwi kilichomfanya mtu wa kawaida asikike kama anahubiri kanisani. Mteja akionyesha kutaka kujua hata kidogo, Twaibu alianza somo. Geini, alisema, ni mlango, unaamua sauti iingie kwa upana gani. Kile kitelezi cha kusukuma juu na chini ni cha kuamua kiasi gani kiende kwenye kanda. Mlango ukiwa wazi mno, sindano ya mita inagonga kwenye nyekundu na sauti inapasuka. Ukiwa umebanwa mno, unabaki na ule mvumo wa kanda tu. Besi ni tumbo la sauti na trebo ni meno yake. Mimi mkulima wa Igamba, niliyeishia darasa la saba, niliyajua haya yote kwa sababu ya kungoja gari kwenye benchi lake.

Lakini kilichomweka mjini hakikuwa kwaya wala kaswida, kilikuwa kanda za salamu. Wakati ule kila ukoo huku kwetu ulikuwa na mtu kwenye miji ya shaba ya Zambia, Kitwe, Ndola au Mufulira, na si kila mzazi alijua kuandika. Basi mtu alikwenda kwa Twaibu, akakaa mbele ya maiki, akaongea, na kanda ikapewa dereva wa lori. Na salamu za huku si za kukimbizana. Unamsalimia mtu, mkewe, wakwe zake, watoto mmoja mmoja, halafu unamletea salamu za waliobaki, mpaka jirani ambaye hata hakumpenda. Upande A wote uliisha kwa salamu. Habari zenyewe zilianza upande B, na hata huko mtu alisema sisi wazima. Twaibu alipomaliza alivunja yale meno mawili ya mgongoni mwa kaseti, ili mtu asije akarekodi muziki juu ya mama yake.

Sasa nije kwa mama yangu. Jina lake Enesi, ila hakuna aliyemwita hivyo. Kwa watu wote wa Igamba alikuwa Mama Osea, kwa jina la kaka yangu mkubwa, yule aliyekwenda kuchimba shaba Kitwe mwaka 1981. Osea alirudi mara moja tu, kumzika baba mwaka 1986. Siku ya tatu akagombana na baba zetu wadogo kuhusu shamba la kahawa, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo ilikuwa kimya. Mimi ndiye niliyebaki kuchuma kahawa na kulima mahindi, na kila siku nikasikia mama yangu akiitwa kwa jina la mtu ambaye hayupo. Sikufurahia, sitasema uongo.

Januari 1994 nilimpeleka mama hospitali kwa ajili ya macho. Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, la kulia lingedumu labda miezi michache, na kinachopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Mama alisikiliza, akamshukuru daktari, akafunga khanga yake vizuri. Njia nzima ya kurudi alisema jambo moja tu, kwamba amwone Osea kwanza.

Nikamwambia basi tumwite. Akakataa. Alisema salamu ni salamu na ugonjwa hauingizwi humo. Mtu aliye mbali ukimtupia ugonjwa, ataufanyia nini. Yeye angemsalimia tu. Osea akiisikia sauti yake, alisema, atakuja mwenyewe. Alikuwa na uhakika huo kama alivyokuwa na uhakika wa mvua za Novemba.

Februari tukaenda kwa Twaibu. Na Twaibu, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa mama, akafanya kazi kuliko alivyowahi kufanyia mtu yeyote. Alimkalisha kwenye kiti chenye mto. Mama alikuwa na kikohozi cha moshi wa jikoni, kile kikavu cha mara mbili mbili. Kila alipokohoa Twaibu alisimamisha deki, akarudisha kanda nyuma, akamwomba aanze tena. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, Twaibu akapunguza besi na kupandisha trebo. Mama alizoea kunyamaza katikati ya maneno akimtafuta mtu mwingine wa kumsalimia, na vile vipindi vya kimya Twaibu akavikata vyote wakati wa kunakili. Mwisho akatia mwangwi kidogo. Tuliposikilizishwa, mama alicheka akasema kumbe angeweza kusoma taarifa ya habari. Mimi pia nilifurahi. Hilo lazima niliseme, kwa sababu baadaye nilijifanya sikufurahi.

Kanda ilikwenda na Abdul, dereva wa lori la shaba aliyepita Kitwe kila mwezi. Tukangoja Machi, Aprili, Mei. Mama aliacha kuchambua mchele kwa sababu hakuona tena mawe. Juni, Abdul akaniletea barua ya Osea pale pale kwenye benchi la duka, na hakutaka kuniangalia usoni. Nikaisoma nikiwa nimesimama.

"Huyo mwanamke mliyemweka kwenye kanda anaongea vizuri sana," Osea aliandika. "Mama yangu haongei hivyo. Kama mama alikufa mngeniambia tu, si kunitengenezea mama mwingine ili nije mmalize kesi ya shamba."

Nilisimama pale na barua mkononi, halafu nikaingia ndani. Kulikuwa na watu wa kwaya ya Ihanda wanarekodi, taa nyekundu inawaka. Sikujali. Nikamwekea Twaibu ile barua juu ya miksa yake, juu ya vitelezi vyote sita.

"Umemsafisha mama yangu mpaka ameisha," nikamwambia.

Alisoma. Akawaomba watu wa kwaya watoke nje kidogo, akatoa kanda yake ya akiba, ile aliyobaki nayo kila aliponakili, akaiweka. Tukamsikiliza mama pamoja. Sasa nami nilisikia alichosikia Osea. Alikuwa mwanamke mzuri, mwepesi, asiyekohoa, anayezungumza kutoka mahali pasipo na kuku wala moto wala mtu. Ningemkuta njiani nisingemjua. Twaibu alizima deki, akakaa na mikono mapajani.

"Dada Nesta," akasema, "mimi nilidhani nampamba."

Niliichukua barua yangu juu ya miksa. Nilirudi Igamba, na mama aliponiuliza habari za kanda nikamdanganya kwamba Abdul amebadilishiwa njia. Hiyo ndiyo miezi niliyomchukia Twaibu. Nililala nikihesabu ni mangapi mama angeyaona kama kanda ile ingekuwa ya kawaida, ya kikohozi na kunyamaza nyamaza.

Katikati ya Julai, mchana, namwona mtu anasukuma baiskeli kwenye kilima chetu, ameangalia chini. Alikuwa Twaibu, aliyeshuka gari Mlowo na kuazima baiskeli. Nyuma ya baiskeli amefunga betri ya gari, deki moja na ile miksa yenyewe, imeviringishwa kwenye blanketi. Amefunga duka siku ya soko, jambo ambalo Tunduma nzima ililizungumza. Alikuwa ametokwa jasho mpaka kofia yake imebadilika rangi. Akamsalimia mama, akamwambia kanda ya kwanza iliharibika njiani, hivyo amekuja kurekodi nyingine bila gharama. Mama akamwonea huruma kwa kusukuma vyuma vyote vile, akaniambia nimletee maji.

Siku hiyo hakuzuia kitu. Maiki moja aliiweka mbele ya mama, kwenye kigoda chake cha siku zote mlangoni mwa jiko. Ya pili aliifunga kwenye mti wa ua, ikitazama uani, palipokuwa na kuku, mbuzi na mashine ya kumenyea kahawa. Alisema anataka Osea asikie yuko kwao. Hata jogoo wetu aliwika, na Twaibu akatabasamu kwa shida.

Mama akaanza salamu. Alikohoa, akanyamaza, akamkumbuka mtu, akaendelea. Upande A ukaisha akiwa bado kwenye wakwe. Upande B akasema sisi wazima, kahawa imezaa, mvua zilikuwa nzuri, Nesta anakusalimu. Mimi nilikuwa uani nazungusha mpini wa mashine pamoja na Jenista, mke wa mdogo wetu, na niliposikia eti namsalimu, damu ikanipanda. Nikamwambia Jenista, si kwa kunong'ona:

"Mzima gani? Jana amenipita mlangoni akaniita kwa jina lako. Jicho moja limekufa, la pili linakufa, na anachotaka ni kuuona uso wa mtu aliyekaa Kitwe anachagua sauti. Akichelewa tena asije. Macho yatakuwa yamefungwa, aje kuonwa na nani?"

Jenista aliniambia ninyamaze. Nikageuka kumtazama Twaibu. Alikuwa ameinama juu ya miksa, hedifoni masikioni, kidole juu ya kitelezi, na hakuinua uso. Nikadhani hakusikia. Mama alimaliza, Twaibu akavunja meno ya kanda, akafunga vyuma vyake, akakataa kula kwa sababu ya giza la njiani.

Kilichofuata sikipendi kukisimulia. Abdul aliipeleka kanda, lakini Osea alikataa hata kuigusa. Alisema ni yule mwanamke tena. Ikakaa juu ya kabati la nyumba yake Kitwe, wiki baada ya wiki. Na asubuhi moja ya Septemba mama aliniuliza mbona leo hakuchi. Jua lilikuwa limekwisha fika kwenye kizingiti. Nilimwambia ni ukungu. Akasema hapana Nesta, si ukungu, akaomba nimpe fimbo ya baba.

Osea alikuja Oktoba, saa tisa mchana, mimi nikiwa napalilia migomba. Mkewe ndiye aliyeipiga ile kanda, alipokuwa anafanya usafi, kwa kutaka tu kujua kama ni muziki. Osea alikuwa chumba cha pili. Alisikia kikohozi cha mara mbili, akatoka. Alisikiliza salamu zote amesimama. Halafu ilipofika upande B, alisema, mama akaanza kwenda mbali, na sauti yangu mimi ikaanza kuja karibu, mpaka ikawa kama nimesimama mbele yake na kumtukana.

Baadaye nami niliisikiliza. Ni kweli. Mama anashuka, na mimi napanda pamoja na mashine ya kahawa. Mtu alisukuma kitelezi kimoja chini na kingine juu, polepole, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Nilipomuuliza Twaibu alisema geini iliteleza. Geini ni kitufe cha kuzungusha, hakitelezi, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Lakini nimesema Osea alikuja Oktoba. Alisimama uani na begi moja, akabisha hodi kwa Kinyiha kilichochanganyika na Kibemba. Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Aligeuza uso kuelekea ile sauti.

"Osea, weka begi chini," akasema. "Umechoka."

Hakuuliza nani. Hakuuliza mara mbili. Miaka minane, na neno lenyewe lilikuwa hodi tu. Kaka yangu, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili aliyezoea kushuka ardhini kila siku, alipiga magoti pale kwenye maganda ya kahawa akalia kama mtoto, akirudia kwamba yeye alimsikia mama yake na akamkataa. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumwambia siku akija. Badala yake niliokota begi lake nikaliingiza ndani.

Ijumaa iliyofuata Twaibu alikuja baada ya swala, bila baiskeli, bila chombo chochote. Nadhani alitaka kuomba radhi na hakujua aombe kwa nani. Osea alimpokea vizuri. Tukakaa wote mlangoni mwa jiko, mama katikati, na mazungumzo yakawa ya kahawa na barabara, kama inavyokuwa watu wanapoogopa kuzungumza jambo lenyewe. Kisha mama akamwita Twaibu asogee karibu.

Alimwambia kwamba amemshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili, siku nne sasa, lakini mikono haielezi kila kitu. Akiwauliza wanawe wanamwambia Osea ni yule yule, hajabadilika.

"Hawa watanipamba," mama akasema. "Wewe si ndugu. Niambie amekuwaje."

Twaibu alitutazama. Mimi nilitikisa kichwa kumwonyesha aseme mazuri tu. Alimgeukia Osea, akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, akaanza. Akamwambia mama kwamba nywele za mbele zimekwisha na zilizobaki zina mvi juu ya masikio. Kwamba shavu la kulia lina kovu refu kutoka jichoni hadi karibu na mdomo, na ngozi ya hapo imevutwa, kwa hiyo akitabasamu upande mmoja unabaki nyuma. Kwamba macho ni mekundu, ya mtu aliyekula vumbi miaka mingi. Kwamba bega moja liko chini ya jingine. Kwamba anaonekana mzee kuliko umri wake, na amekonda, na sasa hivi machozi yanamtoka lakini hayafuti. Osea alimwacha aseme. Mwisho Twaibu akaongeza kwamba meno ya juu ni mazuri isipokuwa moja, limeng'oka.

Mama alikuwa amefumba macho ambayo hata hivyo hayakuona, anaitikia kwa kichwa kila jambo, taratibu, kama mtu anayepokea vitu mkononi kimoja kimoja na kuviweka mahali pake. Twaibu alipomaliza, mama akauliza ni jino la upande gani.